Fidla Hazili Umeme

Kwako Bwana Makelele, mwanangu wa pekee,

Mimi mzima, goti tu ndilo lenye kiburi. Shangazi yako amenunua meno mapya, sasa anacheka hata msibani.

Sisi wazee wanne wa fidla bado tupo. Jumamosi tulipiga ukumbini nyimbo zako za hevi metali, ule muziki wa magitaa yanayonguruma, zile za kwenye kanda ulizoacha chini ya kitanda. Noti sisomi, unajua, kwa hiyo nilisikiliza mpaka kanda zikachoka, kisha nikawaimbia wenzangu kwa mdomo. Fidla yangu kubwa niliilegeza nyuzi mpaka ikanguruma kama simba mwenye mafua.

Wimbo wa pili haujafika katikati, meneja wa ukumbi akaja mbio. "Mzee, hizi si nyimbo za heshima." Akachomoa plagi ya vipaza sauti.

Nikamwambia, "Chomoa na taa, kijana wangu. Fidla hazili umeme."

Tukazidisha, nywele za pinde za kupigia zikikatika, na watu wakasimama. Ametufungia ukumbi. Jumamosi ijayo tutapiga nje, mbele ya mlango wake.

Ila nilipoona ile plagi mkononi mwake, nilijiona mwenyewe. Miaka kumi na miwili iliyopita aliyekuwa akichomoa ni mimi, ukabaki sebuleni na gitaa bubu, mpaka siku uliyofunga begi.

Soketi ya sebuleni bado inafanya kazi. Njoo na gitaa lako. Sitaigusa.

Ni mimi babako; sasa majirani wananilalamikia mimi, si wewe.