Tata Alipofungua Gitaa la Besi

Kwa Lwakatare Seremala,
S.L.P. 17,
Muleba,
Ziwa Magharibi.
14 Desemba, 1971.

Mpendwa kaka Datius,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Dar es Salaam? Kile kifua kilichokusumbua tangu Pasaka kimepona? Sisi hatujambo. Goti la Mae limetulia, na wiki iliyopita alipanda basi peke yake hadi Kaagya kumwona shangazi Klaudia. Senene mwaka huu wameshuka wengi, na Mae amekukaushia wa kutosha.

Mvua ni nyingi. Migomba imenenepa na shuleni kwangu watoto wamefunga salama. Darasa langu walifanya vizuri, ila hesabu bado zinawatoa jasho, na mimi pia.

Sasa nikueleze habari ya Tata. Kwanza nikiri jambo nililokuficha. Ulipoandika mwaka juzi kwamba umepata gitaa la besi, tena Fender, niliisoma barua ile mbele ya wazazi wetu wote wawili. Tata aliinuka kabla sijaimaliza. Alisema, "Nyuzi nne tu. Haliwezi hata kuimba wimbo mmoja peke yake. Hilo ndilo lililomtoa kwenye karakana yangu?" Tangu siku hiyo barua zako nimekuwa nikimsomea Mae jikoni, na Tata hakuwahi kulitamka jina lako. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungeumia, na nilikuwa nikitumaini atapoa.

Jumatano iliyopita bendi moja ya Bukoba ilikuwa inakuja kupiga hapa Muleba kwa sherehe za miaka kumi ya Uhuru. Lori lao liliteleza kwenye matope walipokwisha kuipita Kemondo, na ngoma zote zikaliangukia gitaa la besi. Mchana nikamwona kijana anaingia uani kwetu akiwa amelibeba ndani ya blanketi, kama anayepeleka mgonjwa zahanati. Anaitwa Bashiri, mtu wa Rwamishenye. Shingo ya gitaa ilikuwa inacheza kama jino bovu. Alikuwa ameelekezwa kwa seremala Lwakatare, na hakujua lolote la nyumba hii.

Tata alikuwa ametoka misa ya Bikira Maria Mkingiwa, koti bado mwilini. Alilitazama lile gitaa akahesabu nyuzi kwa macho. Nilijua kijana anafukuzwa.

"Ni la aina gani?" akauliza.

"Fender, mzee."

"Fender, Fender. Wapiga muziki mnalitaja jina hilo kama la mtakatifu. Lina nini?"

Bashiri hakuona kwamba ameulizwa kwa hasira. Alikaa juu ya gogo akaeleza taratibu. Alisema alianza na lile besi kubwa la kusimama, refu kama mtu mzima, linalochukua nafasi ya abiria wawili kwenye lori. Shingo yake ni tupu, kidole kinaitafuta sauti kwa kubahatisha, na kikikosea kidogo mwimbaji naye anapotea. "Hili lina vyuma vidogo shingoni, mzee. Kidole kikitua, sauti iko palepale. Ni nene lakini haimfuniki mwimbaji. Na yote yanafanana. Nikifika Mwanza nikaazimwa Fender la mwenzangu, mkono wangu hauulizi njia."

"Na likivunjika?"

"Hilo ndilo la kwanza tunalolipendea. Ligeuze, ulifungue."

Nyuma kulikuwa na skrubu nne. Tata akachukua bisibisi, akazitoa, na shingo ikabaki mkononi mwake, mwili mezani. Alipitisha kidole gumba kwenye kitundu kile inamokaa shingo, akaigeuza shingo kwenye mwanga, akakipitisha tena. Unakumbuka afanyavyo anapokuta mlango ulioundwa vizuri na fundi asiyemjua.

"Hakuna gundi," alisema mwishowe. "Aliyelitengeneza alijua siku moja litavunjika mbali na kwake, akamwachia fundi mwingine njia ya kuingilia." Kisha akavua koti. "Huyu ni seremala."

Mae akamkumbusha kwamba leo ni sikukuu ya Bikira Maria, hafanyi kazi.

"Aliolewa na seremala," Tata akajibu. "Atanielewa."

Matundu ya skrubu yalikuwa yamepanuka. Alichonga vijiti vya mvule, akavipaka gundi, akavipigilia ndani ya matundu na kuviacha vikauke. Kesho yake asubuhi alitoboa matundu mapya katikati ya vijiti akaikaza shingo. Bashiri alipoishika na kuitikisa haikusogea hata kidogo. Alimshika Tata mkono kwa mikono yake miwili.

Mchana tukaenda uwanja wa shule. Watu walifurika, wengine wametembea kutoka vijiji vya ujamaa na bendera zao. Tata, ambaye hajawahi kwenda kwenye dansi tangu nimjue, alisema anakwenda kutazama kama skrubu zake zitashika. Alisimama karibu na spika, mkono juu yake. Besi lilipoanza nilimwona anaangalia kifua chake mwenyewe, kama aliyeguswa.

Katika wimbo wa tatu Bashiri aliacha kupiga ili akaze uzi mmoja. Wengine waliendelea, lakini miguu ya wachezaji ilianza kupishana. Tata akanigeukia.

"Mbona wimbo umekuwa kama kitanda cha miguu mitatu?"

"Besi limenyamaza, Tata."

Liliporudi uwanja mzima ulitulia katika mwendo mmoja. Akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe hii ndiyo kazi anayoifanya Datius."

Ndiyo, kaka, alisema Datius. Mae alikuwa nyuma yetu akasikia, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Tata alimshika mkono akamwingiza uwanjani, wakacheza wawili hao hadi mvua ilipowatoa. Muleba nzima bado inawasema.

Jana nilipotoka sokoni nilimkuta anaunga mbao za mvule. Lilikuwa kasha refu, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili. Niliogopa, nikauliza nani amefariki.

"Hakuna aliyefariki. Nilichukua vipimo vya lile la Bashiri kabla hajaondoka. La Datius linakaa ndani ya nini, gunia?"

Ndani ametandika blanketi. Nilisema nitatafuta msafiri wa kukuletea. Akatikisa kichwa.

"Kasha tupu halisafirishwi. Aje nalo hilo gitaa, tuone kama linaenea."

Basi tuandikie ni lini meli yako itafika Bukoba. Nitakungoja gatini.

Mae anakusalimu sana, shangazi Klaudia pia, na jirani yetu mzee Ishengoma, na Felicitas wa ng'ambo ya mto, aliyeniuliza kama umeoa. Nilisema hujaoa. Mungu akulinde barabarani na majini, akufikishe ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Jovitha