Mwezi wa Saba Nitarudi Nyumbani

Gitting,
8 Novemba 1987

Mwanangu Fabiola,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini nimeitikia mapema, maana huu ni mwaka wa nne sijasikia shikamoo yako. Hujambo huko kambini kwenye ngano? Kile kifua kinachokubana wakati wa vumbi la mavuno kimepona? Sisi huku hatujambo. Baba yako Tomaso anatembea, mguu unamsumbua asubuhi tu, akishapata jua anausahau. Ng'ombe wamefika tisa, na yule mwekundu amezaa jike. Viazi vya mwaka huu, sijisifu, lakini hakuna mwanamke Gitting nzima aliyechimba vikubwa kama vyangu. Mama Imakulata alikuja kuazima jembe, akavitazama mpaka akaondoka bila jembe.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Katekista Yoakimu alitaka kuniandikia, nikakataa. Niliishia darasa la nne, lakini unajua mwandiko wangu ulisifiwa mpaka na mkaguzi. Na maneno yenyewe siwezi kumtamkia katekista kabla yako.

Juzi Isidori, yule dereva wa trekta wa huko kwenu, alipita hapa. Alisema wamekufanya mkubwa wa jikoni, na madereva wa kombaini hawataki chapati za mtu mwingine ila zako. Jua halijazama nilikuwa nimeshaitangaza habari hiyo katika nyumba tatu. Kisha akainamisha kichwa, akasema kuna jambo lingine. Ile barua ya Mwalimu Gordoni niliyompa akuletee, uliitia motoni chini ya sufuria ya maharage hata hujaifungua. Ukawaambia wenzako kwamba huyo mzungu ni mwongo, alikula kwetu miaka miwili halafu akakuharibia maisha. Baba yako akasema umefanya vizuri sana. Mimi nikatoka nje, nikaenda kusimama zizini kama ninayehesabu ndama.

Mengi ya haya unayajua, lakini niache niyapange, maana nikirukia mwisho mkono utakataa.

Gordoni alitoka Kanada kuja kufundisha hisabati pale sekondari ya misheni, na kwa kuwa nyumba za walimu zilijaa, akapewa chumba kwetu. Nani alimfundisha Kiswahili? Mimi. Nani alimkanda alipougua homa akawa anaongea peke yake? Mimi. Akaniita mama mbele ya watu sokoni, na mimi nikahakikisha watu wamesikia. Wewe alikuchorea hesabu kwa mkaa kwenye ukuta wa zizi, ukazifanya huku unakamua. Ukafaulu. Ukachaguliwa kwenda kusomea uuguzi, wewe peke yako kijiji kizima. Barua ya chuo ikasema uripoti kabla ya tarehe kumi na tano mwezi wa saba, na atakayechelewa nafasi yake atapewa mwingine.

Wakati huo Gordoni alikuwa ameshamaliza mkataba wake, ameondoka na begi mgongoni kwenda kutembea nchi za watu. Mwezi wa sita ikaja barua yake kutoka Malawi. Ilikuwa fupi. Alisema yeye ni mzima, ameona ziwa kubwa, anatukumbuka, na mwezi wa saba atarudi nyumbani.

Mwanangu, nilipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Wewe ulikuwa unachambua mboga. Ukaniambia taratibu kwamba huenda anasema nyumbani kwao. Nikakujibu kwa ukali kwamba nyumbani kwake ni wapi kama si hapa. Nikakuambia umesoma mpaka umesahau Kiswahili cha kawaida. Ukaendelea na mboga zako. Siku ile ile nilimwendea padri, na Jumapili akatangaza baada ya misa kwamba Mwalimu anarudi kwa mama yake. Kwaya ikaanza kujifunza wimbo. Nikapaka nyumba chokaa, nikatenga kondoo wa kumchinjia. Wewe ukasema heri uwahi chuoni na basi. Nikasema hapana, Mwalimu atakupeleka mwenyewe, wakuone umeshuka na nani.

Mama Imakulata akawa ananiuliza kila siku, mbele ya watu, kama mwanangu anakuja kwa ndege au kwa punda, ili wajue wafagie uwanja au wakate majani. Basi, tarehe sita, siku ya Jumatano, nikadandia lori la magunia kwenda kwenye mashamba ya ngano. Nilisikia kuna wazungu wa nchi yake huko, nikajua watanitajia siku.

Getini nilimkuta mlinzi, mzee Gidahosh wa Gendabi. Akaniuliza naenda wapi na kibuyu cha maziwa. Nikamwambia nimekuja kumuulizia mwanangu, Mwalimu Gordoni wa Kanada. Alicheka mpaka akaegemea fimbo. Akataka kujua kama huyo mtoto nilimtoa kabla hajaiva, kama mkate, hata akatoka mweupe. Kisha akaacha kucheka. Akasema yeye mwenyewe alikuja kwenye geti hili mara saba kuomba ng'ombe wake wapite kwenda kunywa, hapo hapo walipokunywa tangu babu yake, na mwishowe alichopewa ni koti hili la ulinzi. Labda mimi nitapewa kofia. Lakini akaenda kuniitia mzungu mmoja mrefu anayejua Kiswahili.

Yule mzungu aliisoma barua mara mbili. Akaniuliza iliandikiwa wapi, na Gordoni ana wazazi kwao? Halafu akanikalisha kwenye gunia, akaniambia kwa upole kwamba mtu wa Kanada akiandika nyumbani akiwa Malawi, anasema Kanada. Na kurudi ni kwenda huko, siyo kuja huku.

Nikamuuliza basi hawa vijana wakimaliza kufundisha hufanya nini. Akasema wengine hurudi darasani kusoma tena, wengine hutafuta kazi kama mtu yeyote, wengine huzunguka wakitazama milima mpaka viatu viishe. Yeye alifundisha Singida, akarudi kwao, watu wakamuuliza habari za simba wiki moja, wakachoka, naye akakosa mtu wa kuzungumza naye. Ndiyo maana alikubali kazi ya ngano. Akasema karibu wote hulia siku ya kuondoka, na karibu wote husema watakuja tena, na wakisema hawadanganyi. Lakini Gordoni, akasema, sasa hivi huenda ameshafika na mama yake anampikia.

Ndipo nilipokumbuka kwamba ana mama. Maziwa nikamwachia Gidahosh.

Sasa nafika, Fabiola. Nilirudi jioni ile. Ulikuwa unapiga pasi gauni lako, begi limeshajaa, liko mlangoni. Kutoka kanisani tulisikia kwaya wakiimba ule wimbo wake, wakikosea wanarudia. Ukaniuliza, mama, anakuja?

Nikakuambia anakuja. Nikasema mzungu wa ngano amenithibitishia kwa kinywa chake kwamba Mwalimu atafika Jumapili ya tarehe kumi na saba, na siku mbili za kuchelewa si kitu, yeye mwenyewe atakuombea kwa wakubwa wa chuo. Yote hayo niliyatunga pale pale nimesimama. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Ungepanda basi kesho yake ungefika na siku za kupumzika. Ukazitoa nguo zako begini moja moja, ukazirudisha sandukuni. Mimi nikakutazama mpaka ukamaliza. Niliona aibu mbele ya Mama Imakulata kuliko nilivyokuonea huruma wewe.

Tarehe kumi na saba kwaya walisimama mpaka saa sita. Nikasema amebadili mawazo, wazungu ndivyo walivyo. Jumanne ukaenda chuoni peke yako, siku ya tatu ukarudi. Kitanda chako kilikuwa na msichana mwingine. Hukunilaumu hata neno moja. Ulimlaumu yeye, nami nikakuacha umlaumu, nikakuacha ukaenda kusugua masufuria kambini, na nikakuacha umchukie mtu ambaye hajakukosea.

Gordoni hakudanganya. Hata hajui. Sasa ni mwalimu kwao, na kila barua anauliza Fabiola yuko mwaka wa ngapi. Na mimi, Mungu ananiona, nimekuwa nikimjibu kwamba umeshavaa sare nyeupe na wagonjwa wanakupenda. Wiki hii nitamwandikia ukweli. Baba yako pia hajui. Isidori akishaondoka na barua hii nitamwambia, kisha nitakwenda kwa Mama Imakulata nimwambie mwenyewe, asisikie kwa watu.

Wewe ulikisoma Kiswahili kile sawasawa siku ya kwanza, ukichambua mboga. Nilitaka uwe na maandishi yangu yanayosema hivyo.

Sikuombi unisamehe. Ukitaka kukasirika, kasirika na mimi, ndimi ninayestahili hasira hiyo.

Baba yako anakusalimu, ingawa salamu hii ameitoa kabla hajajua. Katekista Yoakimu anakusalimu. Mpe Isidori pole ya safari. Jifunike kifua wakati wa upepo.

Ukipata ruhusa Krismasi, njoo. Usinitajie siku. Sitamwambia mtu kwamba unakuja.

Ni mimi mama yako,
Scolastica Tomaso