Riwaya niliyoazimwa na Papa Zakaria

Base Camp, Jumanne

Siwezi kuacha kumfikiria Papa Zakaria, jirani yetu hapa kambi ya wakimbizi, anayefundisha kwaya yetu. Ndiye aliyeniazima riwaya ya yule mwanajeshi aliyeua watu kijijini kwao, kisha akabadilisha jina na kuishi kambini kama mkimbizi. Niliimaliza jana, nikimchukia mtu yule hadi ukurasa wa mwisho.

Leo baada ya shule nimeirudisha. Papa Zakaria hakuuliza kama imenipendeza. Aliishika kwa mikono miwili, akasema polepole, "Binti yangu, ule mutu, ulimusikilia huruma?"

Niliogopa, nikadanganya. "Ndiyo, Papa. Mingi."

Akalia mbele yangu, mtu mzima.

Huenda anawalilia ndugu zake, ambao husema waliuawa vitani. Huenda si hao.

Mama sijamwambia. Na Jumapili lazima nisimame mbele yake niimbe.