Gauni la Zambarau Lililochuja Rangi

Mama,

Leo asubuhi nimefua gauni lako la zambarau, nalo limechuja. Nimemwaga maji mara nne, na mara ya tano beseni bado lilikuwa zambarau tupu. Gauni lako wewe, ambaye hukuwahi kumrudishia mteja hata soksi bila kuisugua kwanza kwa kitambaa cheupe kilicholowa! Nimetazama mikono yangu, nikakasirika upya.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana mengine huyajui.

Siku mtihani wa mwisho ulipokwisha nilitoka shuleni Kicukiro na sanduku langu, nikapita Nyabugogo moja kwa moja kwenye kibanda chako cha kutia nguo rangi. Pipa la rangi lilikuwa limefunikwa. Yule muuza viazi wa jirani, aliyezoea kukutania kila asubuhi, "Mwalimu wa pipa, leo unafundisha nini?", nawe ukamjibu, "Nafundisha suruali yako kuona haya," aliniona akainama, akaanza kupanga viazi vilivyokuwa vimeshapangwa.

Nyumbani nilikuta mabenchi ya watu uani. Mama mdogo Adela alinishika mabega. "Humura, tulia, mwanangu. Alitukataza tusikuambie. Alisema umalize kwanza." Walikuwa wameshamaliza mazishi yako siku mbili nyuma. Nimelinganisha saa. Walipokuwa wakikufukia, mimi nilikuwa naandika insha ya Kifaransa, tena nikijisifu moyoni kwamba nimeandika vizuri.

Hilo, Mama, sijui nilitie wapi.

Ni wewe uliyenifundisha kwamba kila kitu kinachopungua kina neno lake. Wateja walikuja na Kiswahili chao cha hapa Kigali, "Mama, patalo yangu iko nageuka mweupe," nawe hukuwacheka. Uliipokea suruali, ukaninong'oneza kwa kile Kiswahili chako cha Ujiji: "Hii imepauka kwa jua. Ile ya jana ilichuja kwa maji. Taa hufifia, jani hunyauka, sufuria hufubaa, kiatu huchakaa. Usichanganye, sha, mwanangu." Jioni niliyaandika katika daftari, safu mbili. Kushoto yanayoshuka, kulia yanayopanda: kukolea, kung'aa, kuchanua. Neno la kushoto lisilo na mwenzake uliniambia nilale nalo, kesho tutalitafutia.

Halafu ikaja ile Jumapili ya wazazi kutembelea watoto shuleni. Ulikuja na gauni hili. Nililijua toka zamani likiwa la kijivu, la kwenda kanisani, na sasa umelitia zambarau. Lilikujaa vizuri. Uso uliupaka mafuta. Nilikimbia toka mlango wa bweni, mimi ambaye naona aibu hata kumsalimia mlinzi, nikapaza sauti mbele ya wenzangu wote: "Mama, umenawiri!"

Ukacheka. Ukasema, "Liandike hilo."

Nilipofungua mikono ukarudi nyuma hatua moja. "Usinikumbatie, rangi haijakaa, itakuchafulia sare." Nikacheka, nikidhani ni mzaha wa kazini. Tangu lini rangi yako ikakosa kukaa? Tukashikana ncha za vidole, ukaketi kwenye benchi, na hukuinuka mpaka kengele ilipolia. Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa na mengi ya kukusimulia kuhusu vitabu. Usiku ule, katika safu ya kulia, niliandika kunawiri, na mbele yake jina lako.

Jana Adela ameniambia. Chini ya gauni ulivaa sketi tatu na sweta, katika jua lile. Yeye ndiye aliyekufunga kamba kiunoni zisidondoke. Sista mkuu wa shule alijua. Muuza viazi alijua, ndiye aliyekubeba mgongoni siku ile mpaka kituo cha basi. Watu wote wa Nyabugogo walijua kwamba unakwisha, isipokuwa mimi, mwenye daftari la maneno.

Mama, ulinidanganya kwa neno langu mwenyewe. Uliona nalishika upande usio wake, ukaniambia niliandike.

Adela anataka nilivae gauni Jumamosi, siku ya kuondoa matanga. Asubuhi, alipoona maji ya beseni, alisema, "Lete nilitie rangi tena, likolee. Watu watakuja, lazima ung'ae." Nikamwambia hapana. Alishangaa, maana si kawaida yangu kumkatalia mtu. Akaniuliza, basi limekosa nini mpaka likachuja hivi, na kabla sijajibu akajijibu mwenyewe, polepole. Pipa la maji ya chumvi, yale ya kuifunga rangi, halikupikwa. Ulilichovya gauni Jumamosi, siku moja kabla ya kuja shuleni, ukajaribu kuinua ndoo, ukaketi chini. Yeye akataka kukusaidia, ukamwambia liache hivyo hivyo.

Kwa hiyo haukuwa mzaha. Katika maneno yote ya Jumapili ile, hilo moja lilikuwa kweli, nami ndilo nililolicheka. Sijui kama ulikosa nguvu tu, au ulitaka kuniachia kitu kimoja kisicho cha uongo. Nimekuuliza hapa, kwa karatasi, na najua hutajibu. Bado nina hasira. Sitaki uambiwe kwamba nimesamehe.

Lakini nilipolitoa gauni kwenye beseni, kabla ya kulianika, nililikumbatia. Lilikuwa zito, limelowa, linatiririka. Nilikuwa nimevaa shati jeupe la sare. Limechafuka kuanzia kifuani mpaka tumboni, kama ulivyosema.

Jumamosi nitalivaa gauni kama lilivyo, lenye mabaka, zambarau hapa, kijivu pale. Atakayeuliza nitamwambia limechuja. Katika daftari nimekata jina lako upande wa kulia, nikaliandika kushoto, mbele ya kudhoofika, kwa wino. Ndipo lilipostahili kuwa siku ile, na mimi nilistahili kulisoma.

Nakuahidi hili: siku nitakayopungua mimi, nitamwambia anipendaye kwa neno lake lenyewe, mapema, akiwa bado na muda wa kunishika.

Pumzika, Mama. Shati sitaliloweka.

Mwanao,
Speransiya