Saa ya Motokari ya Bwana

Baba Aloisi, mume wangu,

Nakusalimia wewe kwanza, na ule mugongo wako unaokuuma wakati wa mvua. Namusalimia mama mukwe. Je, sasa anakula? Namusalimia binti yetu Kalista na tumbo lake, asibebe mutungi muzito wa maji. Namusalimia mudogo wako Tomasi, na majirani wa pale Wamaza wanaoniuliza. Mimi niko muzima hapa Kasongo, lakini moyo haulali.

Mwana wetu Aloisi iko boloko, amefungwa. Hakuiba, hakugonga mutu. Ni saa tu.

Motokari ya Bwana wa pamba, ile anayoendesha Aloisi, ni nzee. Mbele ya usukani kuna saa ndogo, ilikuwa imekufa. Bwana akasema, "Tengeneza." Aloisi akawasha taa: zinawaka, basi si batri. Akalala chini ya usukani, akafuata waya kwa vidole, kumbe panya wameukata. Akakwangua ncha zake kwa kisu changu cha mboga, akazifunga, saa ikaanza kulia. Tulicheka, Baba Aloisi! Jua lilikuwa limepanda kidogo, saa mbili ya asubuhi. Akaweka mushale mufupi kwenye mbili. Mbili si mbili?

Bwana akapakia muzungu mwenzake. Mugeni akatazama ile saa, akasema, "Kumbe kwako bado usiku?" Akacheka mpaka machozi. Kwa wazungu mushale ungekaa kwenye nane! Wanaanza kuhesabu katikati ya usiku. Nani iko macho kule? Bwana akageuka: "Unanichezea mbele ya mugeni?" Aloisi akajibu, "Hapana Bwana, ni saa ya kwetu." Neno lile ndilo lililomuponza. Askari walimulaza chini mbele ya duka la Bwana, wakamupiga fimbo, kisha wakamupeleka boloko. Nilikuwa sokoni, nikasikia sauti yake, nikaacha mihogo yangu palepale.

Namupelekea ugali na samaki kule boloko. Samaki inaliwa na askari wa mulango. "Mama Shofere," ananiita, "leo ni saa ngapi?" Wenzake wanacheka.

Wakimutoa, kazi hana tena. Anasema hawezi kurudi kwetu Wamaza, watamucheka, maana ulimutangaza kila mahali, "mwanangu shofere, mwanangu shofere". Anataka kwenda Lusangi, kwenye mashimo ya dhahabu. Unajua mashimo yale yanavyokula watoto wa watu.

Unisalimie katekista, atuombee. Na wewe tuma neno mbio, kwa mutu yeyote anayekuja huku: mwana aje nyumbani ao asije? Ukinyamaza atakwenda, na mimi nitamufuata.

Muke wako,
Mama Aloisi