Unga wa Hamira na Vidonge vya Wandera

Mundika, Alhamisi. Mvua inanyesha tangu alfajiri, na mimi nimekasirika hata chai imenishinda.

Leo wamemleta kaka yangu Wandera kutoka stoo ya pamba mjini Busia, juu ya lori, mikono imefungwa kwa kamba ya magunia. Kamba ya magunia! Karani mzima, aliyetoka hapa asubuhi amevaa tai. Wanasema aliipindua mizani mbele ya wakulima, akipiga kelele kwamba inapima mawazo yake na kuyapeleka Uganda. Dereva alimshusha taratibu, akanigeukia mimi. "Pole, mwalimu. Boss anasema akipona arudi, lakini asikawie."

Nilijua cha kutafuta. Niliingia jikoni kwa mama nikapekua mpaka kwenye chungu cha simsim. Vidonge vya hospitali vilikuwa humo, vimefungwa katika kitambaa, vyote vya wiki tatu.

Wandera alianza kusikia sauti mwaka tuliopata uhuru. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema bangi. Hospitali ya misheni ndiyo iliyomrudisha kwetu: vidonge asubuhi na jioni, na akarudi kazini. Lakini vilimkausha mdomo, vikamfunga choo siku nyingi, akawa anajikunja kwa maumivu ya tumbo.

Ndipo, wiki tatu zilizopita, nikakutana na bwana mmoja wa baiskeli, muuza dawa, katika soko la Adungosi. Alikuwa ametundika picha ya utumbo, chupa za unga wa hamira zimepangwa chini, akihubiri kwamba wazimu hukaa tumboni na unga wake unautoa wote. Nilimsogelea nikamwuliza, na vidonge vya hospitali je? Akashusha sauti. "Asiwache, dada. Hii ni ya kusaidia tu. Akule pamoja."

Kumbe anajua!

Ukweli anaunong'ona, uongo anautangazia soko zima. Mtu kama huyo anapata wapi usingizi?

Hata hivyo nilinunua. Tumbo lilikuwa linamtesa ndugu yangu kweli, na kumsaidia mgonjwa apate choo si kosa. Hilo silijutii.

Ninalojutia ni kwamba nilimpa mama ile chupa nikiwa mlangoni, nakimbilia kengele ya shule. Nikasema, "Mpe na vidonge vyake." Basi. Na mimi nimekulia nyumba hii! Najua kwetu dawa mbili hazikutanishwi katika tumbo moja, eti zitapigana zimuue mgonjwa. Tulipougua malaria utotoni, kwinini ilisubiri mpaka mitishamba ya bibi iishe. Wandera naye humeza anachopewa na mama, haulizi. Watoto wa watu nawafundisha kutwa nzima, lakini mama yangu sikukaa naye hata dakika tano.

Leo nilimfokea. Sikuwa nimewahi kumfokea mama maishani mwangu. Nilimwambia amemharibia mwanawe kazi na akili, nikakitupa kile kitambaa mezani mbele yake. Alikuwa amepiga magoti, anamfungua Wandera kamba, na vidole vyake havina nguvu siku hizi. Alipomaliza ndipo akaniangalia.

"Alicheka, Nekesa," alisema. "Na hiyo vidonge alikuwa anakaa tu hapo kama mgeni. Nikaweka kando, akacheka. Akaomba ugali mara ya pili. Wewe ulikuwa shule."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua.

Bado nina hasira. Vidonge amemeza jioni hii, nimemsimamia mwenyewe, na kesho tunapanda basi la kwanza kwenda hospitalini, sisi watatu. Nitamweleza daktari kila kitu, hamira pia. Halafu nitamwomba mama aseme yake, nami nitamtafsiria: je, hakuna kipimo cha dawa kitakachozima zile sauti na bado kumwachia mwanawe kicheko?

Miaka yote hii nimekwenda kuchukua vidonge vile, Kiingereza changu mdomoni. Mbona mimi sikuwahi kuuliza hilo?