Mawaridi Ambayo Hukuyanunua

Barasa, ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa katika ukumbi wa kanisa hapa Woodley, mlimokuwa mkifanyia mazoezi ya tamthilia za shule. Kikundi chenu kimempata mwigizaji mwingine wa kushika nafasi zako. Ana sauti nzuri, ila bado hajui kunyamaza.

Kunyamaza kwako ndiko kulikonivuta. Uliigiza daktari siku ile ya kwanza nilipokuona. Mke wa jukwaani alipokuuliza kama bado unampenda, ulivua miwani, ukaifuta kwa ncha ya shati, ukakaa kimya mpaka wanafunzi waliojaa ukumbini, ambao hawakuwa wametulia tangu asubuhi, wakatulia. Nilirudi nyumbani nikaandika sura nzima kuhusu mwanamume anayefuta miwani.

Tangu hapo, kila shujaa wa mapenzi aliyetoka kalamuni mwangu alikuwa na mabega yako. Nilimbadilishia majina. Nilimpa lile jumba la Loresho ambalo watu wa televisheni walilikodi ili uigize tajiri, nikasahau kwamba jioni ulikuwa ukilivua koti lao na kurudi kwako Uthiru. Nilimpa suti, na nikampa mawaridi mekundu, ambayo aliyanunua kila Ijumaa sokoni mjini akampelekea mwanamke aliyempenda. Riwaya zote ulizisoma, na kila mara ulinirudia na malalamiko yako. "Mwalimu, huyu jamaa yako hali? Sura kumi, hajaonja hata ugali." Kisha: "Na hiyo suti yake hupigwa pasi na nani, ama alizaliwa nayo?" Nilikujibu kwa kiburi cha mwanamke aliyesoma kwamba hakuna anayenunua riwaya ili apate habari za pasi. Ulicheka, ukaliacha.

Ulipofariki, kamati ya mazishi iliniteua nizungumze kwa niaba ya marafiki katika ibada ya Uthiru, kabla ya msafara kuanza safari ya kukurudisha kwenu magharibi. Niliteuliwa kwa kuwa nina ulimi. Niliandika hotuba, nikaifanyia mazoezi, na nilipofika mahali pa kueleza jinsi ulivyojua kupenda, niliinua macho, nikaona kanisa zima linanisubiri, nikanyamaza kama ulivyokuwa ukinyamaza wewe. Kisha nikasema kwamba kila Ijumaa ulikuwa ukipitia sokoni kumnunulia mawaridi mekundu mwanamke uliyempenda.

Sikukusudia kudanganya, na hilo ndilo linaloniaibisha zaidi. Wakati ule, mbele ya jeneza lako, niliamini kwamba ulifanya hivyo. Watu walifuta machozi. Wengine walipiga makofi. Mkeo, Mama Neema, aliyekuwa safu ya mbele na leso mkononi, aligeuza kichwa polepole akanitazama, nami nikadhani ananishukuru.

Baada ya mazishi alinipigia simu, tukakutana katika mkahawa mjini, karibu na hoteli anakofanya usafi. Alikuja na sare yake ya kazi. Hakuagiza chochote.

"Mwalimu, sijakuja kugombana," akasema. "Niambie tu. Hiyo maua ilikuwa ya nani?"

Sikumwelewa. Akaendelea bila kupandisha sauti: "Mimi sijawahi letewa maua. Wifi zangu wananiuliza ilikuwa inaenda kwa nani. Neema pia ananiuliza. Kama ilikuwa yako, sema, nijue."

Nilimweleza kwamba mawaridi yalikuwa ya kitabuni, na niliyasikia maneno yangu yakitoka kama utetezi wa mtu aliyefumaniwa. Nilitoa riwaya mkobani nikamfungulia ukurasa. Alisoma akifuata mistari kwa kidole: Ijumaa, soko, mawaridi mekundu. Akakifunga kitabu, akakirudisha upande wangu wa meza.

"Kumbe alikufa mtu wangu, wewe ukazika wako."

Sina utetezi. Wanaodhani tulikuwa wapenzi wamekosea, lakini hawajakosea mbali kama ningependa. Nilimpenda mtu niliyemshona kwa sura yako, na wewe mwenyewe nilikuwa nakutumia kama kitambaa. Nilimuuliza mkeo, ingawa sikustahili kuuliza, Ijumaa ulikuwa ukimletea nini.

"Ijumaa? Kama kuna pesa, mboga." Kisha akashika ukosi wa sare yake. "Lakini hii alikuwa ananipigia pasi. Kila asubuhi, huku anasema mistari yake. Sasa napiga mwenyewe na kola inakataa kulala."

Barasa, nilikuona ukipiga pasi. Ni juu ya meza hii ninayoandikia sasa ulipokuwa ukinyoosha mavazi ya kikundi kizima kabla ya onyesho, ukinong'ona maneno yako, ukigeuza mkono wa shati kwa upole ambao sijawahi kumpa shujaa yeyote. Nami nilikaa pembeni na kalamu mkononi, nikingoja umalize, uvae suti, ndipo nianze kukutazama.

Hotuba yangu ingali inazunguka kwenye simu za watu. Dada zako bado wanaiamini kuliko wanavyomwamini mkeo. Familia itakusanyika tena nyumbani kwenu kwa ibada ya kumbukumbu, siku ya kuusimamisha msalaba kwenye kaburi lako, na nimemwomba Mama Neema ruhusa ya kufika na kusimama mbele ya watu wale wale. "Njoo," akasema. "Lakini usiongee sana."

Basi nakuahidi haya. Nitawaambia kwamba mawaridi yalikuwa yangu, niliyaotesha kwenye karatasi, na hakuna mwanamke aliyeyapokea. Nitawaambia kwamba ulimpigia mkeo pasi kila asubuhi. Sitanyamaza mahali pa kupendeza ili watu walie. Nitaketi.

Na lile swali lako la pasi nimelipatia jibu, ingawa nimechelewa. Siku ya ibada ya Uthiru nilikutazama ndani ya jeneza, nikaona suti imekukaa vizuri, nikawaza jinsi nitakavyoieleza kwenye riwaya ijayo. Sikujiuliza ilipigwa pasi na nani. Nimemuuliza Mama Neema juzi. Ni yeye, asubuhi ile, kwa pasi yako.

Pumzika, ndugu yangu. Huko hakuna anayekutaka uwe mtu mwingine.

Ni mimi,
Mwalimu